Mkataba wa Kazi: Soma Kwanza, Ndipo Utie Sahihi



Katika wilaya yetu ya Same wako watu wengi wanaoishi kwa kazi ya kuajiriwa. Wengine hukata mkonge katika tambarare ya Makanya. Wengine huchimba jasi huko huko Makanya. Wengine hupandikiza mpunga Ndungu, au huvuna tangawizi kwa ujira milimani Mamba na Myamba. Mjini Same wako walinzi, wahudumu wa hoteli, wauzaji wa dukani na mafundi wa ujenzi. Na vijana wengi, hasa wasichana, huteremka milimani kwenda Moshi, Arusha na Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani.

Kazi zao ni mbalimbali, lakini jambo moja ni lao wote. Kila mmoja amepatana na mtu mwingine. Mmoja atafanya kazi, mwingine atalipa. Mapatano hayo huitwa mkataba wa kazi.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne. Kwanza, kwa nini mkataba uandikwe. Pili, mambo gani yaandikwe. Tatu, saa za kazi na malipo yake huhesabiwaje. Nne, mtu afanye nini mapatano yakivunjwa.

1. KWA NINI MANENO YA MDOMO HAYATOSHI

Katika milima ya Upare watu wamezoea kazi ya msaragambo. Kijiji kizima hutoka kusafisha mfereji, kuzibua ndiva au kutengeneza barabara. Hakuna karatasi inayoandikwa, na kazi huenda vizuri. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anaona. Aliyekuja anaonekana, na asiyekuja anaonekana. Hata zamu za maji ya ndiva hujulikana na wote. Mtu akiiba zamu ya mwenzake, mashahidi ni wengi.

Kazi ya mshahara si kama msaragambo. Mapatano yake hufanywa na watu wawili tu, pengine kando ya shamba au mlangoni pa nyumba. Mwezi ukiisha, mmoja anasema, "Tulipatana shilingi 6,000 kwa siku." Mwingine anasema, "La, tulipatana 5,000." Nani atasema kweli ni ipi? Shahidi hakuna. Mara nyingi mwenye fedha ndiye neno lake linalosimama, na mwenye jasho hurudi nyumbani na uchungu.

Karatasi haisahau. Inasema leo yale yale iliyosema siku ya kwanza. Kuandika si dalili ya kukosa kuaminiana. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu zako ni mali. Siku zako ni mali. Nazo zinataka daftari.

2. HISTORIA YA KIPANDE

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa taabu. Wakati wa utawala wa Waingereza, mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalitumia kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku mfanyakazi alipimiwa kazi yake. Akiimaliza, kadi yake ilitiwa alama moja. Asipoimaliza, siku hiyo haikuhesabiwa, hata kama ametoka jasho tangu alfajiri. Alama 30 zilipotimia, ndipo alipolipwa.

Basi mtu angeweza kushinda shambani siku nyingi kuliko 30 kabla ya kupata mshahara wa siku 30. Nyapara ndiye aliyepima, na karani ndiye aliyeandika. Mfanyakazi asiyejua kusoma alitazama tu.

Wengine waliletwa kutoka mbali, kwa mfano Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji. Hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyoitwa SILABU. Wengi wa manamba hawakujua kusoma. Waliweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hawakujua inasema nini. Tena, kwa sheria ya Tanganyika ya mwaka 1923, kutoroka kazini kabla ya mkataba kwisha lilikuwa kosa la jinai. Mtu angeweza kufungwa jela kwa kuacha kazi.

Siku hizo zimepita. Lakini zinatufundisha jambo moja. Anayeshika daftari ndiye anayeshika mshahara. Kwa hiyo mtu aliyejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu asiliache daftari mikononi mwa mwingine peke yake.

3. SHERIA YA SASA

Sheria inayotumika Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Imepata kurekebishwa mara kadhaa, lakini misingi yake ni ile ile. Inamlinda kibarua wa shambani, mlinzi, mhudumu na mtumishi wa nyumbani. Haichagui kazi kubwa na kazi ndogo.

Sheria inasema kwamba mtu anapoanza kazi, mwajiri ampe maelezo ya kazi kwa maandishi. Maelezo hayo ni haya:

(a) Jina la mfanyakazi, umri wake, jinsia yake na mahali anapoishi siku zote.
(b) Mahali alipoajiriwa.
(c) Kazi atakayofanya.
(d) Tarehe ya kuanza kazi.
(e) Aina ya mkataba na muda wake.
(f) Mahali pa kufanyia kazi.
(g) Saa za kazi.
(h) Mshahara, jinsi unavyohesabiwa, na malipo mengine kama posho, chakula au nyumba.

Tazama jambo la (b). Wengi hulipita bila kulifikiri. Tuseme msichana wa Mbaga amefuatwa kijijini kwao na kupelekwa Dar es Salaam. Mahali alipoajiriwa ni Mbaga, si Dar es Salaam. Ajira yake ikisitishwa huko, mwajiri ana wajibu wa kumrudisha Mbaga pamoja na vitu vyake, au kumlipa nauli ya kurudi. Neno hilo moja kwenye karatasi laweza kumwokoa asiachwe kituo cha mabasi bila senti.

Je, mfanyakazi asipoelewa yaliyoandikwa? Sheria imelifikiria hilo pia. Mwajiri ni lazima ahakikishe kwamba maelezo yanafafanuliwa kwa njia ambayo mfanyakazi anaielewa. Kwa hiyo usione haya kusema, "Tafadhali, nisomee tena hapa," au "Naomba iandikwe kwa Kiswahili." Hiyo ni haki yako, wala si ujeuri.

Je, kama mwajiri hakuandika cho chote? Wewe bado ni mfanyakazi, na mapatano yenu bado ni mapatano. Tena, shauri likifika mbele ya waamuzi, na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlipatana nini ni wake yeye. Kwa hiyo mwajiri mwenye busara huandika, kwa faida yake mwenyewe.

4. AINA TATU ZA MKATABA

Mkataba wa kwanza ni ule usio na tarehe ya mwisho. Mtu anaajiriwa, na kazi inaendelea mpaka mmoja wao aisimamishe kwa utaratibu wa sheria.

Mkataba wa pili ni wa muda maalumu. Una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Sheria imeeleza ni watu gani na kazi za namna gani zinazoruhusiwa kuwa na mkataba huu. Hautumiwi kwa kila kazi.

Mkataba wa tatu ni wa kazi maalumu. Kazi ikimalizika, mkataba umekwisha. Kwa mfano, kuchimba msingi wa nyumba, au kupandikiza mpunga katika shamba la ekari moja.

Katika kazi ya kipimo, ugomvi mwingi huanzia kwenye kipimo chenyewe. Mkipatana kulima ngwe, ngwe hiyo ina hatua ngapi? Hatua za nani? Msimamizi mrefu akipima kwa miguu yake, ngwe inakuwa kubwa. Afadhali mtumie kamba au fimbo moja, na urefu wake uandikwe. Mkipatana kukata mkonge, fungu moja lina majani mangapi, na mafungu mangapi ni kazi ya siku moja? Mkipatana kuvuna tangawizi kwa gunia, ni gunia la kilo ngapi? Yaandikwe kabla jembe halijagusa ardhi.

5. SAA ZA KAZI

Kumbuka namba hizi tatu: 6, 9 na 45.

Siku za kazi katika juma zisizidi 6. Saa za kawaida kwa siku zisizidi 9. Saa za kawaida kwa juma zisizidi 45.

Mtu anayefanya kazi siku 5, saa 9 kila siku, anatimiza saa 45. Anayefanya siku 6, saa 7 na nusu kila siku, naye anatimiza saa 45. Kwa mfano, anaingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 9 na nusu alasiri, akipumzika saa moja katikati.

Mapumziko nayo yana sheria yake. Mtu akifanya kazi saa 5 mfululizo, apewe mapumziko ya dakika 60 au zaidi. Saa hiyo ya mapumziko kwa kawaida hailipwi. Lakini kama mwajiri anamtaka abaki tayari kwa kazi, hiyo si mapumziko, na ni lazima ilipwe. Kati ya kutoka kazini leo na kuingia kesho zipite saa 12. Na kila juma mtu apate saa 24 mfululizo za kupumzika.

Kazi inayozidi saa za kawaida huitwa kazi ya ziada. Haifanywi kwa amri tu. Ni lazima mfanyakazi awe amekubali. Malipo yake ni mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Saa za ziada zisizidi 50 katika majuma 4. Na hata kukiwa na kazi ya ziada, siku moja ya kazi isizidi saa 12.

Kazi ya siku ya mapumziko ya juma, au ya sikukuu ya taifa, hulipwa mara mbili.

Kazi ya usiku ni ile inayofanywa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kila saa ya usiku huongezwa asilimia 5 ya mshahara. Mama mjamzito asifanye kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, wala katika miezi miwili baada ya kujifungua.

6. TUFANYE HESABU

Chukua kalamu, tuhesabu pamoja. Mshahara tutakaoutumia ni wa mfano tu. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na Serikali kwa kila aina ya kazi, nacho hubadilishwa mara kwa mara. Uliza kima cha kazi yako kwa Afisa Kazi kabla ya kupatana.

Tuseme mshahara ni shilingi 234,000 kwa mwezi, kwa juma la saa 45. Sheria inahesabu mwezi kuwa majuma 4 na theluthi moja. Saa 45 mara majuma hayo ni saa 195 kwa mwezi.

234,000 gawanya kwa 195 ni 1,200. Basi saa moja ya kawaida ni shilingi 1,200.
Saa moja ya ziada ni 1,200 mara moja na nusu, yaani shilingi 1,800.
Saa moja ya sikukuu ni 1,200 mara mbili, yaani shilingi 2,400.
Saa moja ya usiku inaongezwa asilimia 5, yaani shilingi 60.

Mfano wa kwanza. Mhudumu wa hoteli anaingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Anapumzika saa moja. Anafanya kazi siku 6.

Saa za kila siku: 10 toa 1, zinabaki 9.
Saa za juma: 9 mara 6 ni 54.
Saa za ziada: 54 toa 45, zinabaki 9.
Malipo ya ziada kwa juma: 9 mara 1,800 ni shilingi 16,200.
Malipo ya ziada kwa majuma 4: 16,200 mara 4 ni shilingi 64,800.

Mhudumu huyu akipewa shilingi 234,000 tu, hakulipwa shilingi 64,800 alizozifanyia kazi. Fedha hizo zingenunua madaftari, sare na viatu vya mtoto wa shule. Hakuna aliyemnyang'anya mfukoni. Zimepotea kwa sababu saa hazikuhesabiwa.

Mfano wa pili. Mlinzi analinda peke yake kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, usiku 6 kwa juma. Hawezi kuondoka langoni hata dakika moja, kwa hiyo hana mapumziko. Saa zake ni 12 mara 6, yaani 72 kwa juma. Ukitoa 45, saa za ziada ni 27. Kwa majuma 4 ni saa 108. Je, kiwango cha sheria ni ngapi? Ni saa 50. Mlinzi huyu anapita kiwango mara mbili na zaidi. Hapa dawa si kuongeza fedha tu. Mwajiri apange zamu na aweke mlinzi mwingine. Mtu asiyelala haoni mwizi, na mwili wake huchakaa upesi.

Iko pia njia nyingine. Mfanyakazi na mwajiri wanaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba siku ya kazi iwe mpaka saa 12 bila malipo ya ziada. Lakini hapo siku za kazi zisizidi 5 kwa juma, na saa za kawaida zibaki 45. Yaani siku zinakuwa chache na ndefu, wala jumla ya saa haiongezeki.

7. MSHAHARA NA MAKATO

Mshahara hulipwa kwa siku iliyopatanwa. Pamoja nao mfanyakazi apewe karatasi inayoonyesha ni kiasi gani amepata, na kilichokatwa ni cha nini. Isome karatasi hiyo hapo hapo. Hesabu fedha zako kabla ya kutia sahihi kuwa umezipokea.

Mwajiri hana ruhusa ya kukata atakavyo. Anaweza kukata kile kinachotakiwa na sheria, au kilichoamriwa na mahakama, au ulichokubali wewe kwa maandishi. Tuseme jembe limevunjika au sahani zimepasuka. Mwajiri hawezi kukata siku hiyo hiyo kwa hasira. Ni lazima iwe ni kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi, na akupe nafasi ya kujitetea. Na makato hayo yote yasizidi robo ya mshahara.

Makato yanayotakiwa na sheria ni kama yale ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Kwa mshahara wetu wa mfano, asilimia 10 ni shilingi 23,400. Ukikatwa, uliza namba yako ya uanachama, kisha uhakikishe NSSF kwamba fedha zimefika. Uko pia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, kwa wale wanaoumia au kuugua kwa ajili ya kazi. Mchango wa mfuko huu hulipwa na mwajiri peke yake. Wewe hukatwi hata senti.

8. LIKIZO, UGONJWA NA UZAZI

Mfanyakazi apate likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka.

Akiugua, na akaleta cheti cha daktari, ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara wote. Siku 63 zinazofuata hulipwa nusu.

Mama aliyejifungua hupata likizo ya siku 84 yenye malipo. Akijifungua pacha, hupata siku 100. Akirudi kazini, aruhusiwe mpaka saa mbili kila siku za kumnyonyesha mtoto. Baba naye ana siku 3 za kuwa na familia yake.

Vibarua wa msimu wasidhani kwamba likizo si yao. Kibarua akiitwa na mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka, na muda wote ukijumlishwa ukazidi miezi 6, naye ana haki ya likizo yenye malipo. Lakini atajumlishaje kama hakuandika?

9. WATOTO NA KAZI ZA NYUMBANI

Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Mwenye miaka 14 na zaidi anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kwenda shule. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi za hatari, kama kazi za machimboni.

Mzazi, siku moja mgeni anaweza kufika nyumbani na kusema, "Mama, nipe binti yako, nitamtunza mjini kama mwanangu." Mpokee kwa heshima, kisha muulize. Binti atakaa nyumba gani, mtaa gani? Atafanya kazi gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Atalipwa kiasi gani, na fedha atapewa nani? Atapumzika siku gani? Nani atamlipia nauli ya kurudi? Majibu yote yaandikwe, watu wote wawili watie sahihi, na mashahidi wawepo. Mtu mwema hatakataa. Anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

10. KUACHISHWA NA KUACHA KAZI

Mwajiri akitaka kumwachisha mfanyakazi, ampe taarifa ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Taarifa ni siku 7 ikiwa mtu yuko katika mwezi wake wa kwanza. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa juma, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mfanyakazi naye akitaka kuondoka, atoe taarifa vivyo hivyo.

Mfanyakazi aliyetumikia miezi 12 au zaidi, akaachishwa bila kosa lake, hulipwa kiinua mgongo. Ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mpaka miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 6 atapata 7 mara 6, yaani mshahara wa siku 42. Apewe pia cheti cha utumishi, ambacho kitamsaidia kupata kazi nyingine.

11. WAPI PA KWENDA

Likitokea tatizo, anza kwa mazungumzo. Mwendee mwajiri kwa adabu na karatasi yako mkononi. Makosa mengine ni ya hesabu tu, nayo husahihishwa mara moja.

Isipowezekana, mwendee kiongozi wa chama cha wafanyakazi kama kipo mahali pa kazi, au Afisa Kazi. Kisha iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa mkoa wetu wa Kilimanjaro ofisi yake iko Moshi. Tume hailipishi ada. Kwanza hujaribu kuwapatanisha. Wasipopatana, huamua.

Lakini muda ni mfupi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yapelekwe katika siku 30. Malalamiko mengine, kama mshahara usiolipwa, yapelekwe katika siku 60. Wengi wamepoteza haki zao kwa kungoja ahadi ya "njoo mwezi ujao". Endelea na mazungumzo ukitaka, lakini hesabu siku zako. Ujue pia kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kuwa ameachishwa isivyo haki. Hata hivyo, mshahara wa siku alizofanya kazi ni wake.

12. WAJIBU WETU

Haki huenda na wajibu. Mfanyakazi afike kwa wakati. Afanye kazi aliyopatana, si nusu yake. Atunze vyombo vya kazi. Akiugua, apeleke habari. Mtu anayetimiza wajibu wake hudai haki yake bila hofu.

Tena, ndugu msomaji, usidhani kwamba mwajiri ni tajiri wa mjini tu. Ukiwaita vijana wawili kuvuna tangawizi yako, wewe ni mwajiri. Ukiwa na mtumishi nyumbani, wewe ni mwajiri. Yale unayotaka kutendewa, nawe uyatende. Waandikie, wahesabie saa zao, na uwalipe siku mliyopatana.

13. DAFTARI LAKO

Nunua daftari dogo. Kila jioni andika mistari hii:

Tarehe: ...............
Niliingia saa: ............... Nilitoka saa: ...............
Kazi niliyofanya na kipimo chake: ...............
Msimamizi wa leo: ...............
Fedha nilizopokea: ...............

Liweke nyumbani, pamoja na nakala ya mkataba wako na karatasi za mshahara. Wazee wa kipande walitiwa alama na mkono wa mtu mwingine. Wewe una kalamu yako mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kazi ya msaragambo na kazi ya mshahara zinatofautianaje?
2. Taja mambo matano yanayotakiwa kuandikwa katika maelezo ya kazi.
3. Mtu anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 6 kwa juma. Saa zake za ziada kwa juma ni ngapi?
4. Kama saa moja ya kawaida ni shilingi 1,000, mtu huyo alipwe shilingi ngapi kwa saa zake za ziada za juma moja?
5. Katika kijiji chenu, kazi ya kipimo hupimwa kwa nini? Je, kipimo hicho ni cha haki kwa pande zote mbili?
6. Andikeni pamoja mkataba mfupi kati ya mwenye shamba na vibarua wawili wa kuvuna.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mwajiri: mtu anayempa mwingine kazi kwa malipo.
Mkataba: mapatano kati ya watu wawili au zaidi.
Kibarua: mtu anayefanya kazi ya muda, mara nyingi kwa malipo ya siku.
Kazi ya ziada: kazi inayozidi saa za kawaida.
Makato: fedha zinazotolewa katika mshahara kabla ya mtu kulipwa.
Kiinua mgongo: fedha anazopewa mtu kwa miaka aliyotumikia.